Vibao vya kuongozea ndege ya rimoti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayorudi kila mara kutoka kwa wanaoanza kuunda na kurusha ndege za rimoti Kampala, Jinja, Mbarara na Gulu. Yameanzia kwenye msingi na kuishia kwenye mambo yanayowatokea wachache. Jambo moja linapita ndani ya karibu majibu yote: kijiti cha rimoti hakigeuzi ndege. Kinasogeza kibao, kibao kinapindisha hewa, na hewa ndiyo inayoigeuza ndege. Hewa isipopita kwa kasi ya kutosha, amri yako haifiki popote.

## Mambo ya msingi

Vibao vya kuongozea ni nini, na viko wapi?

Ni sehemu bapa zilizofungwa kwa bawaba kwenye ukingo wa nyuma wa mabawa na wa mkia. Ndege ya kawaida ina aina tatu. Aileroni ni mbili, moja kwa kila bawa, karibu na ncha. Kazi yake ni kuilaza ndege kulia au kushoto. Eleveta iko kwenye bawa dogo la mkiani. Inainua na kushusha pua. Usukani uko kwenye pezi lililosimama wima mkiani. Unasukuma pua kushoto au kulia.

Ndege nyingine zina flapu karibu na kiwiliwili, na nyingine zimeunganisha kazi mbili kwenye kibao kimoja. Hizo zimeelezwa kwenye sehemu ya mipangilio isiyo ya kawaida.

Kibao chembamba hivyo kinawezaje kugeuza ndege nzima?

Kibao kikishuka, umbo la bawa hubadilika: linapinda zaidi, linasukuma hewa nyingi zaidi chini, nalo linasukumwa juu. Kibao kikipanda, kinyume chake. Nguvu yenyewe si kubwa, ila inafanya kazi mbali na kitovu cha uzito wa ndege, na umbali huo ndio unaoipa uwezo. Ndiyo maana aileroni huwekwa karibu na ncha, na ndiyo maana mkia hukaa nyuma kabisa. Ukifupisha mkia kwa sababu foamu imekuisha, umefupisha pia mkono wa eleveta na usukani, na utalazimika kuvifanya vikubwa zaidi.

Eleveta huwachanganya wengi. Ukivuta kijiti, kibao kinapanda, mkia unasukumwa chini na pua inainuka. Lakini kuinuka kwa pua si kupanda juu. Eleveta inaamua bawa linakutana na hewa kwa pembe gani. Mwinuko unaodumu unatokana na nguvu ya mota. Vuta kijiti bila nguvu ya mota, na ndege itapanda kidogo, itapoteza kasi, kisha itaanguka.

Ndege inakunja kona kwa kibao kipi?

Wengi hujibu "usukani", kwa kuwa ndivyo mtumbwi unavyofanya. Kwa ndege yenye aileroni, kazi kubwa inafanywa na bawa lenyewe. Mwendesha boda boda anayeingia kona kwa kasi hageuzi gurudumu tu, anailaza pikipiki upande anakoelekea. Ndege nayo hulala, na nguvu iliyokuwa ikiivuta juu moja kwa moja sasa inavuta juu na pembeni kwa pamoja. Sehemu ile ya pembeni ndiyo inayoikunja njia.

Hapo kuna gharama. Nguvu ikigawanyika, inayobaki kubeba uzito inapungua, hivyo ndege inaanza kushuka kwenye kona. Dawa ni kuvuta eleveta kidogo. Ukiilaza nyuzi 30, bawa linatakiwa kubeba mara 1.15 ya uzito wa ndege. Kwa nyuzi 45 ni mara 1.4, na kwa nyuzi 60 ni mara 2 kamili. Kona kali karibu na ardhi, kwa mwendo mdogo, inaangusha modeli nyingi sana, na hesabu hiyo ndiyo sababu yake.

Kwa mpangilio basi: laza kwa aileroni, rudisha kijiti katikati, vuta eleveta kidogo kushikilia kimo, kisha inyooshe kwa aileroni ya upande wa pili. Anayeshikilia aileroni kona nzima huishia ndege imelala kwa mgongo.

Je, ni lazima niwe na vibao vyote vitatu?

Hapana. Ndege nyingi za kujifunzia hazina aileroni kabisa. Zina usukani, eleveta na mota, na mabawa yake yameinuka kuelekea nchani. Ukisukuma usukani kulia, pua inaenda kulia, bawa la kushoto linatangulia na kupigwa na hewa kwa pembe kubwa zaidi kutoka chini, linainuka, na ndege inalala kulia yenyewe. Ukiachia vijiti, mwinuko ule wa mabawa unaisaidia kujinyoosha.

Kwa anayeanza napendekeza hiyo, bila kusita. Ni sevo mbili tu za kununua (sevo ni mota ndogo inayosogeza kibao), ni vitu vichache vya kuharibika, na ndege inasamehe. Ikiwa mabawa yako yamenyooka kabisa, usukani peke yake hautailaza vizuri. Hapo aileroni zinahitajika.

Zamani walikuwa wanaongozaje?

Ndugu Wright, walioruka Marekani tarehe 17 Desemba 1903, hawakuwa na aileroni. Walisokota mabawa yenyewe kwa kamba. Njia hiyo bado inafanya kazi kwenye modeli nyepesi za foamu laini, ila bawa linalosokotwa haliwezi kuwa gumu, na ndege nzito inataka bawa gumu. Kibao chenye bawaba kilimaliza mgongano huo.

## Kutoka kidoleni hadi kwenye kibao

Rimoti inakiambiaje kibao kiende wapi?

Rimoti inasoma ulikokipeleka kijiti na kutuma namba kwa redio, siku hizi karibu zote kwenye gigahezi 2.4. Risiva ndani ya ndege inapokea na kuipa kila sevo mapigo ya umeme, kwa kawaida 50 kwa sekunde. Urefu wa pigo ndio ujumbe: milisekunde 1.5 ni katikati, 1 ni mwisho wa upande mmoja, na 2 ni mwisho wa upande wa pili. Sevo ina mota ndogo, gia, na kipimo kinachojua mkono wake uko wapi; inazunguka hadi mkono ulingane na pigo, kisha inashikilia hapo hata hewa ikisukuma.

Kijiti kipi kinafanya nini?

Kuna mipangilio miwili inayotumika zaidi. Katika mpangilio wa 2, kijiti cha kushoto kinashika nguvu ya mota na usukani, cha kulia kinashika eleveta na aileroni. Katika mpangilio wa 1, mota na eleveta vimebadilishana vijiti. Chagua ule anaoutumia mtu atakayekufundisha, maana siku ndege ikielekea kwenye mti atakunyang'anya rimoti, na vidole vyake havitakuwa na muda wa kufikiri.

Ndege ya usukani na eleveta tu, chomeka sevo ya usukani kwenye tundu la aileroni la risiva. Kidole cha kulia kitafanya kazi zote mbili, na hutajifunza upya ukihamia ndege yenye aileroni.

Waya wa kuunganisha sevo na kibao nitoe wapi hapa Uganda?

Kwa ndege ndogo ya sevo za gramu 9, tafuta waya wa chuma mgumu wa unene wa milimita 1 hadi 1.2. Waya laini wa kufungia nondo haufai: unapinda ukisukumwa, na kibao kinabaki nyuma ya amri. Spoku ya baiskeli ni ngumu na imenyooka, ina unene wa milimita 2 hivi, na inafaa kwa ndege kubwa kidogo. Ikiwa njia ni ndefu, bandika vipande vya mrija wa soda kila sentimita chache, waya upite ndani yake. Vijiti vya muchomo vilivyofungwa waya kwenye ncha zote mbili vimerusha ndege nyingi, na sioni aibu kuvipendekeza.

Bawaba ya utepe ni rahisi na inadumu: kata ukingo wa kibao kwa mshazari, bandika utepe upande wa juu, kikunje kibao kabisa, halafu bandika utepe mwingine ndani. Foamu bodi hupatikana kwenye maduka ya mabango na uchapishaji, Nasser Road ikiwa moja ya sehemu za kuanzia. Jihadhari na gundi ya haraka, ile ya chupa ndogo: inayeyusha foamu nyeupe ya vifungashio vya televisheni. Jaribu kwenye kipande kwanza, au tumia gundi ya moto.

Kibao kipande na kushuka kiasi gani?

Kwa ndege ya kujifunzia, nyuzi 12 hadi 15 kila upande kwa aileroni na eleveta zinatosha. Usukani unaweza kwenda nyuzi 20 au 25. Pima kwa rula kwenye ukingo wa nyuma wa kibao: chenye upana wa sentimita 4 kikienda nyuzi 15, ncha yake inasogea kama sentimita 1.

Ukitaka kupunguza, anza kwenye chuma, si kwenye menyu ya rimoti. Sogeza waya kwenye tundu lililo karibu na katikati ya mkono wa sevo, au, kwenye pembe (kile kipande kilichosimama juu ya kibao kinachoshika waya), kwenye tundu lililo mbali zaidi na kibao. Sevo itatumia mzunguko wake wote kwa mwendo mdogo, kwa hiyo itakuwa na nguvu zaidi na usahihi zaidi. Ukipunguza kwenye rimoti pekee, ulegevu wa gia unabaki uleule huku mwendo umepungua, na kibao kinakuwa hakina katikati ya uhakika.

Ekspo ni nini, na viwango viwili vya mwendo ni nini?

Viwango viwili ni swichi inayopunguza mwendo wote wa kibao, tuseme kutoka asilimia 100 hadi 60. Ekspo haigusi mwisho. Inalainisha katikati, ili kidole kikitikisika kidogo ndege isirukeruke. Asilimia 25 hadi 30 ni mwanzo mzuri. Angalia aina ya rimoti yako: kwa nyingine kulainisha ni namba chanya, kwa nyingine ni hasi. Ukikosea, ndege inakuwa kali zaidi katikati, na utaona mara moja kwa macho ukiwa bado mezani.

## Ukaguzi kabla ya kurusha

Nitajuaje vibao vinaenda upande sahihi?

Soma jibu hili mara mbili. Aileroni zilizogeuzwa zinavunja ndege mpya kuliko upepo, miti na betri mbovu, na kuzigundua hakugharimu hata shilingi.

Toa propela kwanza. Simama nyuma ya ndege, pua ikielekea mbele, usiikague ukiwa mbele yake. Kijiti cha aileroni kulia: aileroni ya kulia lazima ipande na ya kushoto ishuke. Kijiti kushoto: kinyume. Vuta kijiti cha eleveta kuelekea kwako: kibao cha mkiani kipande. Kisukume: kishuke. Usukani kulia: kibao kiende kulia kama unavyokiona kutoka nyuma. Sema kwa sauti unachokiona. Kusema kunalazimisha jicho litazame kibao, badala ya kuridhika kwamba "kitu kinasogea".

Kibao kikienda kinyume, geuza mwelekeo wa chaneli ya kibao hicho kwenye rimoti, kisha kagua upya zote, maana kwenye mipangilio ya kuchanganya vibao kugeuza kimoja huharibu kingine. Rudia ukaguzi huu kila mara unapofungua mabawa, unapobadilisha sevo, na unapochagua modeli nyingine kwenye kumbukumbu ya rimoti.

Halafu vuta kila kibao kwa kidole taratibu. Kikiyumba kabla sevo haijakishika, kuna tundu lililopanuka au skrubu iliyolegea. Mwisho, weka rimoti kwenye hali ya kupima masafa, tembea hatua 30, na uone kama vibao bado vinaitika bila kukwama.

Kitovu cha uzito kinahusiana vipi na vibao?

Kinahusiana kuliko kitu kingine chochote. Kwa bawa la kawaida, anzia asilimia 25 hadi 30 ya upana wa bawa, ukipima kutoka ukingo wa mbele. Bawa la sentimita 20 litasawazika kwenye vidole viwili vilivyowekwa sentimita 5 hadi 6 kutoka mbele.

Pua ikiwa nzito, eleveta inakuwa nzito pia, na kutua kunataka uvute sana; ndege inachosha lakini inaongozeka. Mkia ukiwa mzito, eleveta inakuwa kali kupita kiasi, ndege inapanda na kushuka bila utulivu, na hakuna ekspo itakayoiponya. Sogeza betri mbele. Hilo lisipotosha, ongeza uzito puani kabla ya kugusa rimoti.

Trimu nitumie lini?

Ndege ikiruka sawa na mota nusu, lakini inavuta upande mmoja ukiachia vijiti, bonyeza trimu, kile kitufe kidogo kando ya kijiti kinachosogeza katikati ya kibao, upande wa pili hadi itulie. Ukitua, angalia kibao kimekaa wapi. Kikiwa kimepinda kuonekana, rekebisha urefu wa waya ili kikae hapo huku trimu ikirudi sifuri. Trimu iliyofika mwisho inasema bawa limejipinda au kitovu cha uzito kimekosewa.

## Angani

Mbona vibao havisikii ndege ikienda polepole?

Nguvu ya kibao inafuata kasi mara kasi. Mwendo ukipungua nusu, nguvu ya kibao inabaki robo. Kijiti ni kilekile, sevo ni ileile, hewa ndiyo imepungua kazi.

Vibao vya mkiani hupata msaada, kwani hewa ya propela iliyo puani huvipiga moja kwa moja. Aileroni ziko nje ya mkondo huo. Ndiyo maana ndege iliyotoka mkononi sasa hivi mara nyingi inaitika usukani na eleveta kabla ya aileroni. Ukizima mota ghafla kwa kimo kidogo, msaada huo unakatika. Katika kutua, acha mota izunguke kidogo hadi uwe chini kabisa.

Nalaza kulia lakini pua inaenda kushoto kwanza. Sevo ni mbovu?

Sevo ni nzima. Ukilaza kulia, aileroni ya kushoto inashuka na kuliongezea bawa lake nguvu ya kuinua. Nguvu hiyo huja na ukinzani wake, na ukinzani unalivuta bawa la kushoto nyuma. Pua inafuata kushoto. Huonekana zaidi kwenye mabawa marefu na mwendo mdogo.

Kuna dawa mbili. Panga aileroni ipande zaidi kuliko inavyoshuka, kwa mfano milimita 12 juu na 6 chini. Rimoti nyingi zinaweza, mradi kila aileroni iwe na sevo yake. Au ongeza usukani kidogo upande uleule wa aileroni. Wenye ndege ndefu zinazoelea bila mota hutumia zote mbili, na wanafanya vyema.

Ndege ikinijia, kulia na kushoto vinabadilishana. Nifanyeje?

Sukuma kijiti upande wa bawa lililo chini. Bawa lililoshuka likiwa upande wako wa kushoto, kijiti kwenda kushoto, linainuka. Wengine hugeuza mabega na kutazama wanakoelekea sawa na ndege. Yote mawili yanafaa, ila la kwanza linafanya kazi haraka zaidi pale hofu inapokushika.

Ndege ilipinduka ghafla na kuanguka ikijizungusha, ingawa nilivuta eleveta. Kwa nini?

Iliangushwa na huko kuvuta. Bawa likikutana na hewa kwa pembe kubwa mno, kwa wastani nyuzi 12 hadi 15, hewa ya juu inabanduka kutoka kwenye bawa na nguvu ya kuinua inaporomoka. Hali hii ndiyo stoli. Bawa moja likitangulia kubanduka, ndege inalalia upande huo na kuanza kujizungusha.

Kulizuia bawa linaloanguka kwa aileroni kunazidisha, kwa sababu aileroni inayoshuka inaliongezea pembe bawa ambalo tayari limeshindwa. Fanya hivi: mota sifuri, aileroni katikati, usukani kinyume na mzunguko, eleveta mbele. Mzunguko ukikoma, rudisha usukani katikati na vuta taratibu. Yote hayo yanahitaji kimo, kwa hiyo jaribu stoli yako ya kwanza kwa makusudi ukiwa juu sana, ujue ndege yako inatoa dalili gani kabla.

Mchoro nilioupakua unasema ndege ni tulivu, mbona kwangu Kabale inatua kwa kasi?

Wachoraji wengi wanaishi karibu na usawa wa bahari. Sisi hatuishi huko. Uso wa Ziwa Viktoria wenyewe uko zaidi ya mita 1,130 juu ya bahari, na Kabale iko karibu mita 2,000. Kwa mita 1,200 na joto la mchana la nyuzi 28, hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 17 ikilinganishwa na hewa ya kawaida ya usawa wa bahari. Ili bawa libebe uzito uleule, ndege inatakiwa kwenda kasi zaidi kwa karibu asilimia 10, na vibao vinatoa nguvu ileile pale tu kasi hiyo inapofikiwa. Propela nayo inasukuma kwa nguvu iliyopungua.

Kwa hiyo jenga nyepesi. Ikiwa mchoro unasema gramu 600, jitahidi ufike 500. Ongeza urefu wa bawa kidogo ukiweza, na jaribu propela kubwa hatua moja huku ukipima kama mota inapata moto. Usiongeze mwendo wa vibao kama suluhisho. Kibao kilichopinda sana kwa kasi ndogo kinaongeza ukinzani na kukusogeza karibu na stoli.

Ni saa ngapi nzuri kuruka?

Asubuhi, saa 1 hadi saa 3. Karibu na ziwa, upepo wa kutoka majini huanza jua likipanda, na mchana ardhi ya moto inarusha hewa juu kwa mafungu. Ndege ndogo yenye vibao vilivyopunguzwa haina uwezo wa kupambana na hayo. Rusha na utue ukielekea upepo unakotoka.

## Mahali na ruhusa

Naweza kurusha popote?

Anga la Uganda linasimamiwa na mamlaka ya usafiri wa anga, UCAA. Waulize kuhusu kibali kabla ya kuagiza vifaa kutoka nje na kabla ya kurusha, kwa maana ndege ya rimoti yenye kamera inaweza kuchukuliwa kama droni. Kaa mbali kabisa na Entebbe, na mbali na Kajjansi, ambako ndege ndogo hupaa na kutua. Soroti pia kuna chuo cha marubani tangu 1971, na wanafunzi wake wako angani. Usirushe karibu na kambi za jeshi, na kwenye hifadhi za wanyama omba ruhusa ya UWA, mamlaka ya wanyamapori.

Kiwanja cha shule siku ya mapumziko, kwa idhini ya mwalimu mkuu, ni mahali pazuri. Kampala kuna hatari moja ya juu: kalooli, aina ya korongo. Ni ndege mkubwa, hupanda kwa kuzunguka kwenye hewa ya moto, na hakupishi. Ukimwona, wewe ndiye wa kuondoka.

## Mipangilio isiyo ya kawaida

Ndege ya bawa tupu, isiyo na mkia, inaongozwaje?

Ina vibao viwili tu, vinaitwa elevoni. Kuvuta: vyote vinapanda. Kijiti kulia: cha kulia kinapanda, cha kushoto kinashuka. Rimoti inachanganya amri hizo mbili. Vibao vikae vimeinuka kidogo, milimita 2 au 3, hata kijiti kikiwa katikati. Bawa tupu halina mkia wa kuizuia pua isishuke. Kitovu cha uzito hapa hakina huruma, fuata kipimo cha mchoro hadi milimita.

Na mkia wenye umbo la V?

Kuvuta: vyote viwili vinapanda. Usukani kulia: ukitazama kutoka nyuma, vyote vinaelekea kulia, yaani cha kulia kinashuka na cha kushoto kinapanda. Wengi hugeuza hapa kwa kudhani kimekosewa, kwa kuwa aileroni hufanya kinyume.

Flapu zina faida kwa ndege ndogo?

Kwa ndege nyepesi ya foamu, ndogo. Kwa ndege nzito, ndiyo: zikishuka, bawa linabeba zaidi kwa kasi ndogo na ukinzani unakusaidia kutua mahali pafupi. Pua itainuka au kushuka zinapofunguka. Jaribu juu kwanza, kisha changanya eleveta kidogo kwenye rimoti. Kushusha aileroni zote mbili zifanye kazi ya flapu sikupendekezi, kwa sababu ncha za mabawa ndizo zitakazostoli kwanza.

Nikiweka jairo ya kutuliza ndege, nahitaji ukaguzi mwingine?

Ndiyo, na ni tofauti na ule wa vijiti. Shika ndege, usiguse rimoti. Ilaze kulia: aileroni ya kulia ishuke ili kuliinua bawa. Shusha pua: eleveta ipande. Sukuma pua kushoto: usukani uende kulia. Vijiti vinaweza kuwa sahihi huku jairo iko kinyume, na ndege hiyo itajipindua yenyewe mara inapotoka mkononi.

Kibao kinavuma na kutetemeka nikienda kasi. Ni nini?

Hewa inakicheza kuliko sevo inavyoweza kukishika. Punguza nguvu ya mota papo hapo na utue. Mtetemo huo unaweza kung'oa kibao kwa sekunde chache. Chanzo ni bawaba legevu, waya unaopinda, au kibao kizito kwa nyuma. Kibao kikitetemeka ndege ikiwa imesimama mezani, hiyo ni habari nyingine: kipimo cha ndani ya sevo kimechakaa au umeme hautoshi.

Mawimbi yakikatika, vibao vinafanya nini?

Vinafanya ulichovipangia kwenye risiva. Weka mota sifuri, aileroni na eleveta katikati, na usukani kidogo upande mmoja, ili ndege ishuke kwa kuzunguka hapo hapo badala ya kwenda mbali juu ya nyumba za watu. Jaribu propela ikiwa imetolewa: zima rimoti na utazame. Mota ikiendelea kuzunguka, hairuki leo.

Aileroni moja imekufa angani. Naweza kutua?

Mara nyingi ndiyo. Kama imekwama karibu na katikati, aileroni iliyobaki inalaza ndege, polepole zaidi. Kama imekwama ikiwa imepinda, ishindane na usukani, na uongeze kasi badala ya kuipunguza, kwa kuwa usukani nao unahitaji hewa. Kona ziwe pana, upande unaokubali kwa urahisi. Tua ndani ya majani marefu, mabawa yakiwa sawa, mota ikizimwa katika mita ya mwisho.